Kubuni Upya Tovuti ya Biashara Ndogo Bila Kupoteza Kilichopo

Mwenye biashara anafungua tovuti yake asubuhi moja na kuona aibu. Picha ni za zamani, rangi hazivutii tena, na kwenye simu maandishi ni madogo hadi inabidi kukodoa macho. Anamtafuta mbunifu, anamwambia anataka kitu cha kisasa, na baada ya wiki kadhaa tovuti mpya inapanda hewani iking'aa. Marafiki wanapongeza. Mwezi unapita, simu za wateja wapya zinapungua, na hakuna anayejua kwa nini.

Mara nyingi sababu ni ndogo na ya kuudhi. Kulikuwa na ukurasa mmoja mkongwe, usio na mvuto wowote, ulioeleza huduma fulani kwa maneno yale yale ambayo wateja huandika wanapotafuta mtandaoni. Huo ndio uliokuwa ukileta watu. Wakati wa kusafisha, ulitupwa pamoja na takataka.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na rangi. Unaanza na kuhesabu ulichonacho, na suala la sura litachelewa kuliko unavyotarajia.

Hatua ya 1: Jua kama unabomoa au unakarabati

Andika kwenye karatasi sababu inayokusukuma, kwa sentensi moja. "Nimechoka kuiona" ni sababu ya kibinadamu, ila wewe ndiye unayeitazama tovuti hiyo kila siku. Mteja anaiona mara moja au mbili, na hana muda wa kuichoka. Sababu zenye uzito ni kama hizi: haisomeki kwenye simu, inachukua muda mrefu kufunguka, huwezi kubadilisha bei au saa za kazi bila kumwita fundi, biashara yenyewe imebadilika, au mfumo ulioijenga hauungwi mkono tena na unaacha mwanya kwa wadukuzi.

Ikiwa tatizo ni moja au mawili kati ya hayo, karabati. Kupunguza ukubwa wa picha, kuandika upya ukurasa wa kwanza na kuweka namba ya simu mahali panapoonekana ni kazi ya siku mbili, na mara nyingine huleta faida kuliko ujenzi mpya wa miezi mitatu.

Hatua ya 2: Hakikisha tovuti ni yako kweli

Swali hili huonekana la kipuuzi mpaka siku linapouma. Kuna vitu vitatu tofauti ambavyo watu huvichanganya: domeini (jina la tovuti), seva inayohifadhi mafaili yake, na mfumo unaotumika kuandika kurasa. Kila kimoja kinaweza kuwa na akaunti yake, nenosiri lake na tarehe yake ya kulipiwa.

Domeini ndiyo muhimu kupita zote. Ingia kwenye akaunti ya kampuni ilikosajiliwa, uone jina la nani limeandikwa kama mmiliki na barua pepe ya nani imewekwa. Biashara nyingi hugundua kuwa domeini yao imesajiliwa kwa jina la kijana aliyewatengenezea tovuti miaka kadhaa iliyopita, ambaye sasa amebadilisha namba. Akiacha kuilipia, barua pepe zinakufa pamoja na tovuti. Rekebisha hilo kwanza, kabla ya kuzungumza na mbunifu yeyote mpya, maana kupata idhini ya mtu aliyepotea huchukua wiki nyingi. Fahamu pia kwamba domeini nyingi za kimataifa, kama zile za .com, zikishahamishwa kutoka kampuni moja ya usajili kwenda nyingine hufungwa kwa siku 60 kabla ya kuruhusiwa kuhama tena. Kwa hiyo jambo hili haliachwi hadi wiki ya uzinduzi.

Ukimaliza, weka nywila zote mahali pamoja pa salama na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Chukua nakala kamili ya tovuti ya sasa, mafaili pamoja na hifadhidata, uishushe kwenye kompyuta yako. Nakala iliyobaki kwenye seva ile ile haikusaidii seva ikizimika.

Hatua ya 3: Hesabu kila ukurasa

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi huruka. Fungua jedwali la Excel au lolote unalolijua. Safu ya kwanza, andika anwani ya kila ukurasa wa tovuti ya sasa. Ukiwa na kurasa 30 unaweza kuzikusanya kwa mkono kwa kufuata menyu na viungo. Zikiwa 300, tumia ramani ya tovuti ambayo mifumo mingi huitengeneza yenyewe kwenye faili liitwalo sitemap.xml, au programu inayotambaa kwenye tovuti na kuorodhesha kila inachokikuta.

Safu ya pili ni ya wageni: ukurasa huu umefunguliwa mara ngapi katika mwaka uliopita? Safu ya tatu ni ya utafutaji, na majibu yake yamo ndani ya Google Search Console, chombo cha bure kinachoonyesha maneno ambayo watu waliandika Google kabla ya kuiona tovuti yako. Kinahifadhi takwimu za miezi 16. Kama hujawahi kukiunganisha, kiunganishe leo hii, hata kama ujenzi utaanza baada ya miezi miwili, kwa sababu hakikusanyi yaliyotokea kabla ya wewe kujiandikisha. Safu ya nne ni viungo kutoka nje. Kuna tovuti nyingine, gazeti au mshirika wa kibiashara aliyeelekeza watu kwenye ukurasa huu? Search Console inakuonyesha hilo pia.

Sasa kaa na jedwali lako na kikombe cha chai. Utashangaa. Ukurasa wa "Dira na Dhamira" uliobishaniwa kwa wiki nzima huenda hausomwi na mtu. Jibu fupi uliloandika kwa haraka kumweleza mteja mmoja jinsi ya kupima dirisha kabla ya kuagiza pazia huenda linaleta theluthi ya wageni wote. Safu ya mwisho basi ni ya uamuzi: baki, boresha, unganisha, au ondoa. Kwa ukurasa wenye wageni au viungo vya nje, "ondoa" lisiwe jibu lako la kwanza.

Piga pia picha za skrini za kurasa muhimu zilivyo sasa. Na ikiwa kuna ukurasa wa zamani uliokwisha futwa na unaujutia, jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ya nakala za tovuti za zamani, iliyo wazi kwa umma tangu 2001. Huenda nakala yake imo.

Hatua ya 4: Sikiliza wateja wanavyoongea

Takwimu zinakuambia watu walifika wapi, lakini hazikuambii walitaka nini. Wapigie simu wateja watano au sita wa karibuni. Usiwaulize kama wanaipenda tovuti. Watakujibu kwa adabu. Waulize walikuwa na shida gani siku ile, walitafuta kwa maneno gani, na nini kiliwafanya wasite kabla ya kukupigia. Andika majibu neno kwa neno.

Mhoji pia anayepokea simu kwenye biashara yako, hata kama ni wewe mwenyewe. Maswali yale yale yanayoulizwa kila siku (mnafungua saa ngapi, mnafika hadi huku, inachukua siku ngapi, nikilipa nusu kwanza inawezekana) ndiyo maudhui ya tovuti yako mpya. Swali linaloulizwa mara kumi kwa wiki maana yake jibu lake halionekani kwenye tovuti.

Utagundua kitu kingine: wewe unaita huduma yako kwa jina la kitaalamu, wao wanaiita kwa jina la kawaida. Tumia lao.

Hatua ya 5: Andika kabla ya kuchora

Mbunifu akianza kuchora kabla ya maneno kuwepo, atajaza nafasi kwa maandishi ya bandia. Baadaye utalazimika kukata au kurefusha maneno yako yaingie kwenye visanduku alivyochora. Geuza mpangilio huo.

Anza na lengo moja. Mgeni akifika, unataka afanye nini: apige simu, ajaze fomu, aweke miadi, anunue? Chagua moja liwe kuu na jingine liwe la akiba. Kisha panga kurasa. Biashara ndogo nyingi zinatosheka na ukurasa wa kwanza, ukurasa mmoja kwa kila huduma kuu, ukurasa wa bei au namna bei inavyopangwa, ukurasa wa kuhusu watu wenyewe, na wa mawasiliano. Usizirundike huduma zote nane kwenye ukurasa mmoja. Anayetafuta huduma ya tatu anataka ukurasa unaoizungumzia hiyo tu, na injini ya utafutaji hali kadhalika.

Ukurasa wa kwanza ujibu mambo matatu kabla mgeni hajasogeza skrini: mnafanya nini, kwa ajili ya nani, na afanye nini sasa. Sentensi ya "Karibu kwenye tovuti yetu" haijibu hata moja, na "Sisi ni kampuni inayoongoza kwa ubora" imeandikwa na kila mtu, wakiwemo wanaoburuta mkia. Andika kitu ambacho mshindani wako hawezi kukinakili bila kudanganya: miaka mliyofanya kazi, kazi zenyewe kwa picha, dhamana mnayotoa, siku mnazochukua.

Kuhusu picha, nina msimamo mkali kidogo. Picha ya kununua ya watu waliovaa suti wakipeana mikono haimwaminishi mtu. Picha ya kawaida uliyopiga kwa simu, ikionyesha karakana yako halisi na mikono iliyopaka gundi, inafanya kazi zaidi.

Hatua ya 6: Chagua mfumo na mtu wa kujenga

Hapa sitakawia. Kama utabadilisha maudhui mara kwa mara na unataka uhuru wa kuhama, mfumo wa programu huria kama WordPress unafaa, kwa sharti kwamba kuna mtu wa kuusasisha kila mwezi, kwani programu-jalizi (vipande vya ziada vinavyoongezwa kwenye mfumo) zilizoachwa bila kusasishwa ndizo mlango ambao wadukuzi huutumia zaidi. Kama hutaki kabisa habari za usasishaji, huduma ya kulipia kwa mwezi inayokupa kila kitu pamoja itakupunguzia kichwa kuuma, ila siku ya kuhama utaacha sehemu kubwa ya kazi nyuma. Uliza mapema: nikitaka kuondoka, naondoka na nini?

Mkataba na mjenzi uandikwe, hata akiwa rafiki. Uonyeshe idadi ya kurasa, nani anaandika maneno, masahihisho mangapi yamo ndani ya bei, nani anamiliki michoro na msimbo, na malipo yanagawanywaje. Awamu ya mwisho ya malipo ilipwe baada ya orodha ya elekezo za anwani kukamilika. Maelezo ya hilo yapo kwenye hatua ya 9.

Hatua ya 7: Sura, na simu ndiyo kwanza

Google sasa hutumia toleo la simu la tovuti katika kuisoma na kuiorodhesha, kwa hiyo kilichofichwa kwenye simu ni kama hakipo. Ukipewa michoro uikague, omba ya simu kwanza na ya kompyuta baadaye.

Mambo machache ya kupima kwa macho yako. Namba ya simu ibonyezeke na kupiga moja kwa moja. Vitufe viwe vikubwa vya kutosha kidole gumba, na visigusane. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yanapendeza kwenye kompyuta ya mbunifu, ila juani hayasomeki. WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, inadai tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake iwe angalau 4.5 kwa 1, na vipo vikokotoo vya bure mtandaoni vya kuipima. Herufi ndani ya visanduku vya fomu zisipungue pikseli 16, la sivyo kivinjari cha iPhone kitakuza ukurasa ghafla mtu anapoanza kuandika. Kuhusu zile picha zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa wa kwanza, ziondoe. Watu husoma ya kwanza, kama hata hiyo wanaisoma.

Kasi inastahili aya yake. Google inaipima kwa vipimo vitatu. Kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vitu visirukeruke wakati unafunguka, ambapo alama inayotakiwa ni 0.1 au chini yake. Chombo cha bure kiitwacho PageSpeed Insights kitakupa majibu yote ukikipa anwani ya ukurasa. Kwenye tovuti ndogo, mkosaji karibu kila mara ni picha. Picha iliyotoka kwenye kamera ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti kadhaa, lakini kwenye simu inaonyeshwa sehemu ndogo tu ya upana huo. Ipunguze hadi pikseli 1,600 hivi, uihifadhi kwa WebP, muundo wa picha wenye mafaili mepesi, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200. Mkosaji wa pili ni fonti. Mbili zinatosha, wala huhitaji unene wa kila aina.

Hatua ya 8: Waite watu watano

Kabla ya kuzindua, keti na watu watano wasioijua tovuti, mmoja mmoja. Mpe kila mmoja simu na kazi: "Tafuta bei ya huduma fulani", "Weka miadi ya wiki ijayo". Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu. Utataka kumwonyesha kitufe kilipo. Usimwonyeshe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alisisitiza mwaka 2000 kwamba watu watano hufichua sehemu kubwa ya matatizo, na anayefanya jaribio hili huona kuanzia mtu wa tatu kwamba wanakwama pale pale.

Hatua ya 9: Kuhama bila kupotea

Rudi kwenye jedwali lako la hatua ya 3. Kila anwani ya zamani inayobadilika ipate anwani mpya kando yake, na mjenzi aweke elekezo la kudumu, linalojulikana kwa namba 301, kutoka ya zamani kwenda mpya. Ni kama kuacha kibao kwenye duka la zamani kinachosema tumehamia mlango ule. Usikubali njia ya mkato ya kuelekeza kurasa zote kwenye ukurasa wa kwanza. Mteja aliyetaka maelezo mahususi ataona amepotea, na Google inaweza kulichukulia elekezo la namna hiyo kama ukurasa usiopatikana. Kama anwani ya zamani inaweza kubaki ilivyo, iache.

Kumbuka na anwani zilizochapishwa: kadi za biashara, vipeperushi, msimbo wa QR uliobandikwa mlangoni. Hizo huwezi kuzibadilisha, basi nazo ziingie kwenye jedwali.

Halafu kuna mtego wa barua pepe. Ukihamia seva mpya, huenda mjenzi akakuomba ubadilishe seva za majina za domeini, yaani zinazotunza rekodi za DNS (maelekezo ya wapi tovuti na barua pepe za domeini hiyo zinapatikana). Hapo rekodi zote inabidi ziwekwe upya kwenye seva hizo mpya, zikiwemo za MX zinazoongoza barua pepe zako, pamoja na SPF na DKIM zinazozuia barua zako kutupwa kwenye taka. Zisiponakiliwa, tovuti itafunguka vizuri huku barua zikipotea kimyakimya. Piga picha ya rekodi zote kabla. Kama inawezekana, badilisha rekodi moja tu ya tovuti na kuacha nyingine zilivyo. Siku moja au mbili kabla, punguza TTL ya rekodi hiyo (muda ambao kompyuta nyingine huikumbuka kabla ya kuiuliza upya) hadi sekunde 300 ili mabadiliko, au kurudi nyuma, yaenee haraka.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Zindua Jumanne au Jumatano asubuhi. Anayezindua Ijumaa jioni atatumia Jumamosi akimtafuta fundi.

Kitu cha kwanza kukagua ni kizuizi cha injini za utafutaji. Tovuti ikiwa bado inajengwa huwekewa amri ya kuzuia isiorodheshwe, jambo zuri kabisa, kisha watu husahau kuiondoa. Kwenye WordPress ni kisanduku kimoja tu cha tiki ndani ya mipangilio ya usomaji. Tovuti nzima inaweza kutoweka Google kwa sababu ya tiki hiyo.

Kisha fuata hizi, ukiwa na simu mkononi:

- Fungua anwani 20 za zamani kutoka kwenye jedwali, uone kila moja inafika panapostahili kwa mruko mmoja, bila kupitia anwani nyingine katikati.
- Jaza kila fomu kwa barua pepe ya nje, uhakikishe ujumbe umefika na haumo kwenye taka.
- Tuma na upokee barua pepe ya kawaida.
- Angalia kama anwani inaanza na https, alama kwamba mawasiliano yanalindwa kwa cheti cha usalama, na kivinjari hakitoi onyo. Cheti cha bure cha Let's Encrypt kinatosha, mradi kimewekwa kijihuishe chenyewe.
- Hakikisha chombo cha takwimu za wageni kinahesabu, na uwasilishe ramani mpya ya tovuti kwenye Search Console.

Hatua ya 11: Wiki zinazofuata

Nafasi zako kwenye matokeo ya utafutaji zitayumba kidogo. Ni kawaida kwa wiki chache, na kurasa za tovuti ya wastani huhitaji muda huo kusomwa upya. Usianze kubadilisha vichwa vya habari kila siku kwa hofu. Tazama ripoti ya kurasa zisizopatikana kwenye Search Console mara mbili kwa wiki, na kila anwani uliyoisahau iwekee elekezo. Baada ya wiki sita, linganisha na jedwali la zamani ukurasa kwa ukurasa. Jumla inaweza kupanda huku ukurasa wako wa thamani zaidi umeshuka, kwa hiyo usiridhike na jumla.

Usifunge seva ya zamani kabla ya mwezi kuisha. Elekezo zibaki kwa mwaka mmoja angalau, ndivyo Google inavyoshauri, na kwa kuwa hazigharimu kitu, ziache hata milele. Fungua kalenda yako sasa hivi uandike tarehe ya kulipia domeini, ukijiwekea kikumbusho cha mwezi mmoja kabla.